Shume ya mbao kabla haijawa Shume ya kabichi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila nikitaja kwamba kwa bibi yangu mzaa mama ni Shume, Lushoto, mtu anajibu "aah pale penye kabichi na viazi". Sikatai, ni pale pale. Ila kabichi ni ya juzi tu. Pale palikuwa mahali pa mbao, na pameishi kwa mbao miaka mingi sana, na ukishajua hivo ndo unaelewa kwa nini msitu uko vile ulivyo na kwa nini watu wanalima katikati ya miti ya serikali. Maswali ninayoulizwa yanajirudia, kwahiyo nimeyaweka hapa yote.

Kwanza Shume yenyewe iko wapi?

Usambara Magharibi, wilaya ya Lushoto, mkoa wa Tanga. Ukitoka Mombo unapanda kilomita kama 33 za lami zenye kona mpaka Lushoto mjini, hapo uko kama mita 1,400 toka usawa wa bahari. Alafu unaendelea kupanda Magamba, unapita msituni kunakotoka ukungu, mpaka unafika kwenye uwanda wa juu karibu mita 1,900 na kitu. Upande wa magharibi mlima unakatika ghafla kama umekatwa na panga na chini yake unaona tambarare kavu, mkonge, barabara ya Moshi, na stesheni ya Mkumbara. Kumbuka hilo jina Mkumbara, tutalirudia.

Ni kweli pana jina la Kijerumani?

Kweli. Kwenye ramani za wakati wa Mjerumani paliandikwa Neu-Hornow. "Neu" maana yake mpya, na Hornow ni kijiji kipo huko mashariki ya Ujerumani. Lushoto nayo waliiita Wilhelmstal, bonde la Wilhelm, yaani mfalme wao. Wenyeji hawakuwahi kuhangaika na hayo majina, wao waliendelea kusema Shume.

Kabla ya Mjerumani alikaa nani?

Kule juu walikuwepo Wambugu na ng'ombe zao. Wambugu ni watu wa mifugo, na lugha yao ni maarufu kwa wataalamu wa lugha dunia nzima kwa sababu imechanganyika kwa namna ya ajabu, sarufi ya Kibantu ila maneno mengi kabisa siyo ya Kibantu. Wasambaa walikuwa zaidi kwenye mabonde na miteremko yenye migomba, na utawala wa Wakilindi, ukoo wa wafalme wa Wasambaa, makao yake yalikuwa Vuga. Chini kwenye tambarare, Mazinde, jirani na Mkumbara, ndo alikaa Semboja, yule mtoto wa mfalme Kimweri aliyejua kwamba njia ya misafara ina hela kuliko milima.

Nasema hivi kwa sababu kuna watu wanaandika kana kwamba msitu wa Shume ulikuwa mtupu unasubiri mtu aje na msumeno. Haukuwa mtupu. Ng'ombe walichungwa kwenye nyasi kati ya misitu, watu walikuwa na njia zao, na dawa zao, na mizimu yao. Ila mwaka 1895 serikali ya Kijerumani ilitoa amri kwamba ardhi yoyote isiyo na mwenyewe ni mali ya dola, na ukiuliza nani anaamua kwamba haina mwenyewe, jibu ni wao wenyewe. Mwaka 1904 ikaja sheria ya misitu na hapo mipaka ikaanza kuchorwa. Malisho ya mtu yakawa hifadhi.

Walifuata nini huko juu wakati miti imejaa kila mahali?

Walifuata mti mmoja. Mwangati.

Mwangati ndo ule wanaouita sida ya Afrika Mashariki, ndugu wa ile miti ya Marekani iliyokuwa inatengenezwa penseli. Na hapa ndo patamu. Penseli nzuri haitaki mbao ngumu, inataka mbao laini kiasi, nyuzi zimenyooka, ukichonga kwa kisu au kichongeo inakatika vizuri haipasuki vipande vipande. Sifa hizo ni za sida nyekundu ya Marekani na viwanda vya penseli vya Ujerumani viliitegemea hiyo miaka mingi, ila Wamarekani walikata mpaka ikaanza kuadimika na bei ikapanda. Viwanda vikaanza kutafuta mbadala duniani, na kumbe kwenye koloni lao wenyewe, juu ya Usambara, kuna mwangati mrefu umesimama mamia ya miaka.

Ukiacha penseli, mwangati haumalizwi na mchwa. Ukichimbia nguzo ya mwangati chini inakaa miaka na miaka, kwahiyo hata kwa ujenzi na wigo ulitafutwa. Kasoro yake ni moja, miti mikubwa mingi inaoza moyo, kwa nje unaona gogo zima zuri ukiangusha unakuta ndani pana shimo. Yaani unaangusha mti wa karne tatu unapata mbao za mti wa miaka hamsini, kingine kinabaki pale pale msituni.

Palikuwepo na miti mingine pia, mse, ambao wengi wanauita podo, na mkulo. Nazo zilipasuliwa. Lakini gharama yote ile ya kupandisha mitambo mlimani ilitokana na mwangati.

Hii hadithi ya mbao kushuka kwa waya ni kweli au ni ngano?

Ni kweli kabisa na ndo swali ninaloulizwa kuliko yote.

Kampuni iliyopewa msitu iliitwa Wilkins & Wiese. Shida yao ilikuwa moja, mbao ziko juu, reli iko chini, na katikati ni ukuta wa mlima. Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo 1905, ikafika Buiko 1909, na Moshi ikafunguliwa 1912. Kati ya Mombo na Buiko ndo ipo Mkumbara, chini kabisa ya ule ukuta wa Shume. Kwahiyo mtu akisimama ukingoni anaiona reli kwa macho yake, ila kuifikia na gogo begani ni habari nyingine.

Wakaita kampuni ya Adolf Bleichert ya Leipzig, ambao kwa kazi ya kujenga njia za waya walikuwa wanajulikana dunia nzima, na miaka michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ikajengwa njia ya waya toka Neu-Hornow mpaka Mkumbara. Urefu karibu kilomita 9. Kushuka, karibu kilomita moja na nusu ya wima. Sehemu nyingine waya ulipita juu ya makorongo bila nguzo kwa mamia ya mita, unaning'inia tu.

Mfumo wa Bleichert ulikuwa na waya wa aina mbili, mmoja mnene umetulia ndo magurudumu yanatembea juu yake kama reli, mwingine mwembamba unazunguka ndo unavuta. Mzigo ukiwa unashuka, uzito wa mbao wenyewe ndo unaovuta vibebeo vitupu vipande juu upande wa pili. Kwahiyo kazi kubwa ya fundi ilikuwa breki, kuuzuia mzigo usikimbie. Mi naona hii ni akili kubwa, siwezi kuwanyima, mlima uliokuwa kikwazo ndo uliofanya kazi ya injini.

Mbao zikifika Mkumbara zinapakiwa behewani, Tanga bandarini, meli, Ujerumani.

Watu nao walipanda humo?

Njia za aina hii zilijengwa kwa mizigo. Watu wa kawaida walipanda na kushuka kwa miguu, na njia ya miguu toka Mkumbara kwenda juu ipo mpaka leo. Magoti yatakuambia.

Nani alikuwa anakata hiyo miti? Walilipwa?

Hapa nitachukua muda kidogo kwa sababu watu wakishasikia habari ya waya wanasahau habari ya mikono.

Kodi ya kibanda ilianza mwishoni mwa miaka ya 1890, na ilitakiwa hela, na hela iko kwa Mzungu mwenye shamba au kiwanda. Hiyo peke yake haikutosha, Wasambaa walikuwa na chakula chao na hawakuona sababu ya kwenda kubeba magogo ya mtu. Basi mwaka 1907 wilaya ya Wilhelmstal ikaleta kadi ya kazi. Kila mwanaume anapewa kadi, na anatakiwa amfanyie kazi Mzungu siku 30 ndani ya kila miezi minne, na kadi ndo ushahidi. Usipomaliza unapelekwa kazi za serikali kwa ujira mdogo zaidi. Walilipwa, ndiyo, lakini malipo ambayo huwezi kuyakataa yana jina lake.

Mashamba ya Usambara yalileta pia watu toka mbali, Wanyamwezi, Wasukuma na wengine, ndo maana ukienda sehemu nyingi za milimani na chini kwenye mkonge unakuta koo zenye majina ya bara na watu wenyewe wanaongea Kisambaa safi kabisa. Kiwanda cha mbao kilitaka watu wa shoka, wa msumeno, wa kukokota magogo mpaka mashineni, wa kupanga mbao zikauke, wa kushika breki za waya, na wa kupika uji wa hao wote. Kwa lugha nyingine kilitaka kijiji, na kijiji ndo kikaota.

Penseli zenyewe zilitengenezwa hapa?

Hapana bwana. Mbao zilitoka, penseli zikatengenezwa Ulaya. Baadae zikaja kuuzwa mashuleni kwetu kama kitu cha nje. Cheka au lia, uamuzi wako.

Vita ilipokuja?

Juni 1916 jeshi la Waingereza lilishuka na reli likachukua Mombo na Wilhelmstal ndani ya siku chache, Wajerumani wakarudi kusini huku wanaharibu reli. Mali za Wajerumani zikawa mali ya adui zikauzwa, na wao wenyewe hawakuruhusiwa kurudi mpaka 1925. Waya wa Bleichert leo haupo. Neu-Hornow ikabaki kwenye ramani za zamani.

Lakini mbao hazikuisha na vita. Waingereza waliunda idara ya misitu na makao yake makuu wakayaweka hapo hapo Lushoto, mji mdogo wa baridi, na hiyo inaonyesha misitu hii ilikuwa na uzito gani kwao. Sida ya penseli ya Tanganyika na Kenya iliendelea kwenda Ulaya.

Hii saiprasi na paini iliyojaa sasa imetoka wapi?

Toka Mexico, zote mbili, saiprasi na ile paini tunayoiona milimani. Siyo za kwetu kabisa, ingawa mtoto aliyezaliwa Shume leo anaona ndo msitu wenyewe.

Mantiki ni rahisi. Mwangati unakua taratibu mno, ukikata leo mjukuu wako ndo atavuna, tena kama ataukuta. Saiprasi na paini ndani ya miaka 25 hadi 30 hivi unapata gogo la kupasua. Kwahiyo sehemu kubwa iliyokatwa mwangati ikapandwa miti ya haraka, na hiyo ndo leo inaitwa Shamba la Miti Shume, liko chini ya TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu.

Mbona naona watu wanalima viazi katikati ya miche ya serikali? Wamevamia?

Hawajavamia, ni mfumo, unaitwa taungya. Ulianza Burma na wakoloni wakautapakaza. Unaenda hivi: kipande cha msitu kikishavunwa, wanakijiji wanagawiwa vitalu, wanang'oa visiki na kusafisha, wanapanda viazi, maharage, mahindi, na humo humo inapandwa miche. Mkulima akipalilia viazi vyake anapalilia na miche. Baada ya miaka mitatu hivi miti imefunga kivuli, mazao hayatoki tena, mkulima anahamia kitalu kingine kilichovunwa.

Ukiangalia kwa jicho la serikali ni mpango mzuri, miche inatunzwa bure. Ukiangalia kwa jicho la mama mwenye watoto watano na robo eka yake iliyochoka, ni udongo mbichi wa msituni wenye rutuba ya ajabu, viazi vinatoka kama mawe. Tatizo langu ni kwamba yule mama analima pale maisha yake yote na mama yake alilima pale na hana hata futi moja ya kusema hii ni yangu. Analima anahama, analima anahama, mzunguko wa msitu ukirudi pale pale alipoanzia labda anakuta wajukuu ndo wameshika jembe. Kabichi na viazi unavyonunua Dar, vingine vimeota hivo, na vinapita soko la Lukozi usiku kwenye fuso.

Ugomvi wa vitalu nao upo, nani kapewa, nani karukwa, nani ana vitatu wakati mwenzake hana. Hilo uliza ukifika, ila kaa chini kwanza maana maelezo ni marefu.

Wazee wanasema miti iliwahi kukauka yenyewe, ilikuwa nini?

Mwishoni mwa miaka ya 80 kuingia 90. Ni vidukari vya saiprasi, kadudu kadogo kanafyonza maji ya mti, kaliingia Afrika likaanzia kuonekana Malawi mwaka 1986 likapanda kaskazini mpaka Kenya 1990. Saiprasi zilikuwa zinageuka kahawia kama zimeunguzwa na moto, shamba zima. Na kwa vile mwangati ni jamaa yake saiprasi nao ukaguswa. Ukipanda aina moja ya mti kilomita na kilomita, mdudu mmoja anakula karamu, hapo hakuna uchawi.

Kwa nini msitu wa asili ulifungwa?

Kwa sababu ya maji kwanza. Mito ya Usambara ndo inanywesha chini kote huko, na miaka ya 80 ikawa kelele kubwa kuhusu uvunaji wa Usambara zote mbili. Upande wa Mashariki, Amani, kulikuwa na Sikh Saw Mills, kiwanda cha Tanga kilichokuwa chini ya shirika la umma na kilichopata mitambo kwa msaada wa Finland, na ukataji wake ukaleta mjadala mpaka huko huko Finland. Upepo ukageuka, toka kuvuna kwenda kuhifadhi.

Kwa upande wetu msitu wa asili uliobaki sasa ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba, zaidi ya hekta 9,000. Ndani kuna mbega, kuna vinyonga ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani ila kwenye milima hii, na mwangati mikubwa bado ipo ya kuhesabu.

Kwahiyo Shume bado ni ya mbao au siyo?

Swali zuri na jibu langu ni ndiyo na hapana. Mbao zinapasuliwa bado, za saiprasi na paini, mtu ananunua miti kwa TFS kwa kibali, anaingiza chensoo, mashine ndogo za kupasulia, wanaziita dingdong, zinapiga kelele, na ukitaka kusafirisha lazima uwe na TP, kibali cha kusafirishia mbao, usije ukashushwa mzigo getini. Ila ule mji wa kampuni, wa watu mia wanaoamka kwa king'ora kimoja, umekwisha. Ukimuuliza kijana wa Shume kazi yake atakuambia viazi, karoti, kabichi, au bodaboda. Mbao ni dili linalokuja na kuondoka.

Wenyeji walifaidika na nini hasa?

Nitasema ninavyoona mimi. Ujuzi, kwanza. Mafundi seremala na wapasuaji wa Lushoto utawakuta mpaka mikoa ya mbali. Nyumba za mabanzi, yale magamba ya nje ya gogo ambayo kiwanda hayataki, zimehifadhi watu wengi na baridi, na bibi yangu jiko lake lilikuwa la mabanzi, moshi ukitoka kila upenyo. Kuni. Barabara, maana penye gogo lazima gari lifike. Na hela ya msimu.

Faida yenyewe kubwa ilishuka na waya.

Nikija nitaona nini? Kuna makumbusho?

Usitegemee makumbusho wala kibao chenye maelezo. Utaona ukingo wa mlima, na siku isiyo na ukungu utaona tambarare yote mpaka macho yachoke, hapo ndo unaelewa wazimu wa kutaka kushusha mbao kwa waya. Utaona mistari ya saiprasi imenyooka kama gwaride na pembeni yake msitu wa asili umejaa ndevu za kuvu na mwani. Njoo asubuhi. Juni mpaka Agosti baridi siyo ya mchezo, chukua sweta, na koti juu yake. Ukitaka kuingia hifadhini Magamba pitia ofisini kwao kwanza ulipe na upewe mtu wa kukuongoza. Ukitaka kushuka kwa miguu mpaka Mkumbara tafuta mwenyeji, beba maji, na usianze mchana.

Naweza kupata mbao ya mwangati ninunue?

Ya kukatwa hifadhini hapana, na akikuletea mtu usiku mkatae, anakutafutia kesi. Unachoweza kupata ni ya zamani, nguzo ya wigo uliobomolewa, mlango wa nyumba ya kale, boriti. Itakuwa imepauka kijivu nje hata huijui. Toa kisu, kwangua kidogo tu pembeni. Ndani ni nyekundu ya kahawia, na ukinusa ni penseli uliyochonga darasa la kwanza.